Matundu ya filme yenye kunyamaza: kwa nini watu hawamalizi kubishana juu ya "Sans un bruit"

Kuko filme moja ya woga yenye karibu haina mazungumzo ndani yake, na bado imebishanisha watu kuliko filme nyingi zenye kelele. Kwa Kiingereza inaitwa A Quiet Place. Wenye kuiangalia kwa Kifaransa wanaijua kwa jina la Sans un bruit. Ilitoka mwezi wa 4 mwaka 2018. Mwongozaji wake ni Mmarekani John Krasinski, na ni yeye pia anayecheza baba wa familia. Mama anachezwa na Emily Blunt, ambaye ni bibi yake hata nje ya filme. Ilitengenezwa kwa dola karibu milioni 17, ikaingiza zaidi ya milioni 300 duniani kote.

Toka siku za kwanza, watu walikuwa wanatoka salle na maswali yale yale, na maswali yale yangali yanaendelea. "Kwa nini wasihamie kule ku maporomoko?" "Ule musumari, ni fundi gani aliupigilia vile?" "Na mimba, jamani! Mimba!" Makala hii inayachukua moja moja. Mwenye hajaiangalia bado ajue: tutasema yote, mpaka mwisho.

Hadithi ni fupi. Wanyama wa ajabu wametoka angani. Hawana macho, ngozi yao risasi haiingii, lakini masikio yao yanashika sauti toka mbali sana. Ukifanya kelele wanakuja, na ukiwa pale unakufa. Watu wengi wameisha. Familia moja, Abbott, inabaki kwenye shamba lao katika jimbo la New York. Wanatembea miguu wazi, wamemwaga mchanga kwenye njia zao zote, wametia alama ya rangi kwenye mbao zenye hazilie ukizikanyaga. Siku ya 89 mtoto wao mdogo anakufa juu ya kamchezo kenye betri kaliolia kwenye daraja. Kisha filme inaruka mpaka siku ya 472, na mama iko na mimba kubwa.

Mbele ya kubishana, tupatane kwanza tundu ni nini. Watu wanachanganya. Mtu katika filme akifanya upumbavu, ile si tundu. Watu wanafanya upumbavu kila siku na hakuna mwenye kusema maisha yameandikwa vibaya. Filme isipoeleza kitu, ile pia si lazima iwe tundu. Haituonyeshi wanapika saa ngapi, lakini wanakula. Tundu la kweli ni pale hadithi inavunja sheria yenye iliweka yenyewe. Mfano unaotajwa sana ni filme Signs ya M. Night Shyamalan, ya 2002: viumbe kutoka anga nyingine wanakuja kuteka dunia, kumbe maji yanawaunguza. Sasa wanakuja bila nguo kwenye dunia yenye bahari, mito, mvua na umande wa asubuhi! Pale mwangalizi ana haki ya kucheka.

Tuanze na maporomoko, maana ndiyo yanayorudi kila mara. Baba anamupeleka kijana wake Marcus mtoni, wanaingia nyuma ya maji yenye kuanguka, na pale wanaweza kupiga kelele kwa nguvu zote bila kufa. Baba anamueleza kijana sheria: sauti ndogo haina hatari, na sauti kubwa nayo haina hatari kama kuko nyingine kubwa zaidi karibu yake. Basi waangalizi wakasema: si mujenge nyumba pale pale?

Wenye kuitetea filme wanajibu kwamba pembeni ya maporomoko kila kitu kinalowa, mahindi hayapandwi kwenye mawe, na wewe mwenyewe hausikii adui akifika. Majibu mazuri, lakini hayatoshi. Wavuvi wa Wagenia, kule Kisangani, wanafanya kazi yao juu ya maji yenye kunguruma, na walisimika miti yao mikubwa ndani ya mkondo wenyewe. Watu wanazoea maji. Na hata kama tukikubali kwamba kuishi pale ni vigumu siku zote, bado linabaki swali lenye filme haijibu: mama mwenye kukaribia kuzaa, kwa nini hawakumutengenezea hata kibanda kule kwa majuma yale ya mwisho? Filme imefungua mlango huu yenyewe, kisha ikapita kama haikuuona. Sheria haikuvunjwa, kwa hiyo si tundu. Lakini ni uzembe wa mwandishi, na watu hawakukosea kuuona.

Tena sehemu ya pili ya filme, yenye ilitoka 2021 kisha Covid kuichelewesha, inaongeza kwamba wanyama hawa hawajui kuogelea. Waliobaki wazima wamekimbilia kisiwani. Hapa mtu wa Kivu haulizi kitu. Toka zamani watu wa pembeni ya ziwa wanajua maana ya kuvuka kwenda Idjwi wakati bara kumechafuka.

Musumari ni habari nyingine. Mama anapandisha mfuko wa nguo kwenye ngazi, mfuko unakamata musumari na kuusimamisha, ncha juu. Yeye haangalii. Baadaye, uchungu ukiwa umeanza, anaukanyaga kwa mguu wazi, na salle yote inalia kwa niaba yake. Kwamba hakuangalia, ile ni bahati mbaya tu, si tundu. Swali zuri limetoka kwa mafundi wa mbao: musumari ukipigwa toka juu, kichwa ndicho kinabaki juu. Ncha ikitokea juu, maana yake mtu aliupiga toka chini ya ngazi, na ukatoboa ubao wenye watu wanakanyaga, na hakuna aliyeukata wala kuukunja vizuri. Katika nyumba ya watu wenye wamepaka rangi kila ubao wenye haulie! Mwandishi alihitaji damu, akatafuta musumari. Inaonekana.

Yako maswali madogo yenye tunapita haraka. Umeme unatoka wapi? Hakuna anayeeleza, lakini sisi wenye kuwasha taa kwa sahani ya jua juu ya paa tunajua umeme unaweza kufika bila jenereta kunguruma. Nani analima mahindi yale yenye kusimama mstari kama yamepimwa kwa kamba? Tuseme wanalima usiku na mchana kwa mikono. Kukoroma, kupiga chafya, na ile sauti nyingine yenye watoto wanaicheka? Hapa filme inafumba macho, na kila mwangalizi anaulizia mlango wa pili kama walivyoulizia paka wa Day One. Hiyo ni filme ya tatu, ya 2024, yenye Lupita Nyong'o, mwenye asili ya Kenya, akicheza mwanamke mgonjwa wa kansa katika mji wa New York siku ile wanyama wanaanguka. Anatembea na paka wake Frodo kati ya moto, maji na vifo, na paka halii hata mara moja. Mwenye kufuga paka anajua ile si paka, ni malaika.

Kuko pia tundu lenye waandishi waliliziba mapema, na haki yao tuitoe. Familia hii inajua kusema kwa mikono vizuri sana. Ingekuwaje wajifunze haraka hivi? Juu ya binti yao mkubwa, Regan, ni kiziwi toka mbele ya wanyama kufika. Walikuwa wanatumia lugha ile mezani kila siku. Na mwenye kucheza Regan, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli. Kwa hiyo kitu kilichowaokoa kilikuwa nyumbani mwao zamani.

Sasa mimba. Katika mabishano yote, hapa ndipo watu wanachekelea kwa nguvu. "Hawa watu hawana akili. Mtoto analia! Walifikiria nini?" Wengine wanafika mpaka kusema filme yote inaangukia pale, maana watu wenye akili ya kumwaga mchanga njiani wangekuwa na akili ya kutozaa.

Nafikiri hapa wenye kucheka wamekosea, na wenye kuishi huku mashariki wana sababu ya kuona zaidi kuliko mwangalizi wa mbali. Kwanza, hakuna sheria yenye imevunjwa. Filme haikusema popote kwamba hawa ni watu wa mahesabu tu. Pili, watu hawaachi kuzaa kwa sababu dunia imekuwa mbaya. Watoto wanazaliwa katika kambi za wakimbizi wa ndani, wanazaliwa njiani, wanazaliwa ndani ya shamba la muhogo wakati kijiji kimekimbia. Hakuna mama hata mmoja kati yao aliyengoja amani ifike. Na dawa ya kuzuia mimba, hata pale hakuna nyama toka angani, haifiki kila kijiji. Sembuse kwenye dunia yenye duka la dawa limebaki wazi bila mtu toka mwaka uliopita. Tatu, familia hii ilizika mtoto. Mwenye kuuliza "kwa nini wakazaa tena?" akaulize kwenye matanga yoyote ya mtoto.

Tena angalieni namna walijitayarisha. Wametengeneza sanduku lenye kufunikwa, na oksijeni ya kumupumulisha mtoto ndani, ili kilio chake kisitoke nje. Kuko waangalizi wenye waliona sanduku lile ni ukatili, ao ni mchezo. Mama mwenye amewahi kujificha porini na mtoto wa ziwa, watu wa silaha wakipita njiani, hahitaji kuelezewa lile sanduku. Anajua mkono wake mwenyewe ulikuwa wapi. Kwa wale, mimba ile ndiyo sehemu yenye kweli kuliko zote.

Basi tundu lenyewe liko wapi? Liko mwishoni, na wengi wanalipita kwa furaha ya kuona nyama anakufa. Regan ana kifaa cha kusikilia, chenye sehemu moja inawekwa kichwani kwa upasuaji na nyingine inakaa nyuma ya sikio. Baba amekuwa anakitengeneza mara na mara. Mnyama akikaribia, kifaa kinatoa mlio mwembamba wa juu. Mnyama anaumia, ngozi yake inafunguka, na pale risasi inaingia. Regan anakiweka mbele ya mikro, mlio unakuwa mkubwa, mama anapiga bunduki. Mwisho.

Mafundi wa sauti wanaujua mlio wa namna ile: ni ndugu wa larsen, ile inayotokea mikro ikikaribia kisanduku cha sauti. Na larsen si siri ya wataalamu. Inapiga kelele kila siku ya Mungu katika makanisa yenye sono mbovu. Sasa filme inatuomba tukubali kwamba dunia yenye majeshi, wanasayansi na mikro kila kona ilipigana na adui ambaye nguvu yake yote ni masikio, na hakuna aliyefikiria kumuumiza masikio. Iliachiwa mtoto mmoja shambani, na kwa bahati. Wenye kutetea wanasema mambo yaliharibika haraka, magazeti yenyewe yalikufa, na si kila mlio unafaa, ni ule wa kifaa kile tu. Inawezekana. Lakini sheria ya filme yote ni kwamba wanyama hawa ni masikio, na pale sheria ile ingewageukia, filme ilinyamaza kwa siku 472. Kwangu hilo ndilo tundu, na ni kubwa kuliko maporomoko.

Sehemu ya pili ilijaribu kulishona, na hapa watu wa redio tulikaa wima. Redio moja kutoka kisiwani inapiga wimbo ule ule, Beyond the Sea, bila kukatika. Regan anaelewa kwamba ni alama, anafika kisiwani, anaweka kifaa chake mbele ya mikro ya studio, na mlio unatoka kwenye karedio kadogo mbali kule, mikononi mwa Marcus. Watu waliuliza kama redio inaweza kweli kupeleka mlio wa juu vile. Inaweza. FM inabeba sauti mpaka hertzi 15.000 hivi, na mlio ule katika filme sisi wenyewe tunausikia, kwa hiyo hauko nje ya uwezo wa sikio wala wa redio nzuri. Jambo moja tu ndilo hatukuonyeshwa kwenye redio ile ya kisiwani, na fundi yeyote wa redio ya jamii angeliuliza mbele ya swali la wanyama: wimbo unapigwa mchana na usiku, nani analeta mafuta ya jenereta?