Vyetezo vya Meksiko ya Kale na Neno "Copal"

Mfasiri akutanaye na vyombo vya ibada vya Meksiko ya kale huviita vyetezo, wala hakosei, kwani ni vyombo vya udongo vya kufukizia. Lakini yafaa aangalie asichukue jina akaacha maana.

Katika mji wa Teotihuacan kulikuwa na karakana ya vyetezo kando ya Ciudadela. Mapambo yalitolewa kwa kalibu, kisha yakabandikwa kwa mkono. Huko Palenque, katika karne ya 7 na ya 8, Wamaya walifinyanga vikalio virefu vyenye nyuso za miungu, na juu yake wakaweka bakuli la kufukizia. Zaidi ya 100 vimefukuliwa. Waazteki walikuwa na chetezo chenye mpini, wakakiita tlemaitl, yaani "mkono wa moto".

Kwetu chetezo hutiwa makaa na ubani au udi, nguo na chumba vikanukia. Lakini kwa Walakandoni wa Chiapas, ambao Alfred Tozzer alichapisha habari zao mwaka 1907, chetezo kilikuwa na kichwa cha mungu, na mdomoni mwake chakula na kinywaji viliwekwa. Kilipochakaa hakikutupwa ovyo: kipya kilifinyangwa, na cha kale kikapelekwa mahali patakatifu.

Kilichofukizwa ni utomvu wa miti, ambao wasemaji wa Kinahuatl waliuita copalli. Wahispania walilitwaa neno hilo, nalo likaenea Ulaya hata likawa jina la utomvu mgumu wa kila namna. Ndiyo sababu wafanyabiashara wa Kizungu na wa Kimarekani waliofika Unguja katika karne ya 19 waliiita sandarusi yetu copal. Lakini sandarusi yatoka katika mti mwingine kabisa. Nyingi ilichimbwa ardhini huko Mrima, ikasafirishwa hata Salem, Marekani, ikafanywa vanishi. Hivyo neno la madhabahuni likawa neno la dukani.

Basi mwenye kufasiri copalli kwa "sandarusi" huwatia Wamaya na Waazteki mikononi bidhaa ya Mrima. Rai yangu ni kwamba tuandike "kopali" kwa utomvu wa Meksiko, sandarusi ibaki na jina lake. Nalo neno "chetezo" tulitumie, mradi tueleze kwamba huko chombo hicho kiliweza pia kulishwa.