Ukuta wa Xidan

Kwa Wachina wa miaka ya 1970, bango la ukutani halikuwa jambo geni. Karatasi pana, maandishi manene ya brashi na wino, kisha gundi, na asubuhi mtaa mzima unajua. Mao, kiongozi wa nchi, aliyapenda mabango hayo. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni yalitumika kuwaumbua walimu na viongozi, na katiba ya 1975 ikayataja kuwa haki ya raia.

Novemba 1978, miaka miwili baada ya Mao kufariki, mabango yalianza kujaa kwenye ukuta wa matofali huko Xidan, Beijing, magharibi ya uwanja wa Tiananmen. Jirani palikuwa na kituo cha mabasi. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kilichoupa ukuta nguvu: msubiri basi husoma chochote kilicho mbele yake, hata tangazo la mwaka juzi. Watu walisongamana kwenye baridi kali. Waliotangulia mbele waliwasomea wa nyuma kwa sauti, wengine wakanakili kwenye madaftari kwa mwanga wa tochi. Palikuwa na mashairi, hoja za siasa, na malalamiko ya watu waliotoka mikoani kudai haki zao.

Mwanzoni Deng Xiaoping, aliyekuwa akishika hatamu za uongozi baada ya Mao, hakuona ubaya, akawaambia wageni kwamba katiba inaruhusu. Kwa nini akatae, na mengi yaliyobandikwa yaliwasema wapinzani wake?

Mambo yaligeuka taratibu. Serikali ilikuwa ikinadi mageuzi manne: kilimo, viwanda, ulinzi, na sayansi pamoja na teknolojia. Tarehe 5 Desemba likabandikwa bango la Wei Jingsheng, fundi umeme wa bustani ya wanyama, akidai la tano, yaani demokrasia. Machi 1979 aliandika kwamba Deng mwenyewe anaelekea kuwa dikteta. Siku chache baadaye akakamatwa, na Oktoba akahukumiwa miaka 15.

Ukuta haukuhitaji kubomolewa. Desemba 1979 wakuu wa jiji walipiga marufuku mabango Xidan na kuyahamishia bustani ya Yuetan, ambako hapiti mtu ila aliyekusudia kwenda. Tena mwenye bango alitakiwa kwanza aandikishe jina, anwani na mahali anapofanya kazi. Wachache walithubutu. Septemba 1980 Bunge la Umma likaiondoa haki ya kubandika mabango kwenye katiba.