Mwani sugu wa bwawa la kuogelea

Mwani sugu ni mwani unaorudi katika bwawa la nyumbani hata baada ya maji kutiwa dawa na kutakata. Mwenye nyumba hutia klorini jioni, asubuhi akakuta ukijani umeondoka, na wiki haijaisha kuta zinateleza tena. Mwani wenyewe kwa kawaida hauna nguvu yoyote ya ajabu. Klorini ilikuwa kidogo kuliko ilivyohitajika, au ilitosha kwa usiku mmoja kisha ikaachwa ishuke kabla chembe za mwisho hazijafa.

Mwani wa kijani huelea majini na kuyatia ukungu, nao ndio rahisi kuua. Wa njano hukaa kama vumbi kwenye kuta zenye kivuli; ukipigwa brashi hutimka, kisha hutulia palepale. Huo hujificha pia kwenye nguo za kuogelea, maboya na mipini ya brashi, kwa hiyo vitu hivyo visafishwe kwa klorini pamoja na bwawa. Unaoitwa mwani mweusi ni bakteria wa jamii ya sayanobakteria. Hujishikiza kwenye vitundu vya plasta na katikati ya vigae, na utando wake wa juu huizuia dawa isifike ndani. Madoa yake lazima yasuguliwe mpaka utando upasuke: kwa brashi ya waya kama bwawa ni la saruji, kwa brashi ya nailoni kama ni la plastiki au vigae. Tena, si kila maji ya kijani yana mwani. Maji ya kisima yenye madini ya chuma au shaba yanaweza kugeuka kijani mara tu yanapotiwa klorini huku yakibaki maangavu, na hapo kuongeza klorini hakusaidii kitu.

Klorini ikiingia majini hugawanyika katika hali mbili. Moja ni asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo muuaji. Nyingine ni haipokloraiti, iliyo dhaifu mno ikilinganishwa nayo. Kinachoamua ipi izidi ni pH. Kwenye pH 7.5 hali hizo hukaribiana nusu kwa nusu. Kwenye pH 8 asidi hubaki takriban robo. Jua nalo huivunja klorini haraka: katika maji yasiyo na kinga, zaidi ya nusu yake huweza kupotea kwa saa moja ya jua kali la mchana. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima na masika huingiza majani na udongo bwawani, upotevu huo hauna msimu wa kupumzika.

Kinga dhidi ya jua ni asidi ya sayanuriki, na hapa ndipo mabwawa mengi ya nyumbani yanapoharibikia. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita kinafaa. Lakini vidonge vya klorini vinavyoyeyuka polepole vina asidi hiyo ndani yake: kila miligramu 10 za klorini zinazoongezwa kwa vidonge huleta karibu 6 za asidi. Klorini hutumika ikaisha. Asidi haitumiki wala haivukizwi na jua, bali hulimbikizana mpaka ikapita 100. Kwa kuwa huifunga klorini, kipimo cha klorini kitaonyesha 3, mwenye bwawa ataridhika, na mwani utaendelea kumea mbele ya macho yake. Kanuni ya utendaji ni kwamba klorini huru, yaani ambayo bado haijatumika, isipungue asilimia 7.5 ya kiwango cha asidi, na kuua mwani uliokwisha kumea huhitaji takriban asilimia 40. Penye asidi 30, hiyo ni klorini 12. Penye 100, ni 40, ambayo ni gharama isiyo na maana. Dawa ya hali hiyo ni kubadilisha maji: kushuka kutoka 100 hadi 40 kunataka angalau asilimia 60 ya maji yatolewe. Yatolewe kwa awamu, kwa maana bwawa tupu juu ya ardhi iliyojaa maji laweza kuinuliwa na kupasuka, hasa wakati wa mvua.

Kazi yenyewe huanza kwa kushusha pH hadi 7.2, kwa kuwa klorini ikishapita 10 vipimo vya pH havitegemeki. Majani na matope hutolewa kwanza. Klorini hutiwa jua likizama, pampu ikiachwa ifanye kazi usiku na mchana. Bwawa la meta za ujazo 50 huhitaji gramu 50 za klorini kupandisha kiwango kwa miligramu 1 kwa lita. Kufika 12 kutoka sifuri ni gramu 600, yaani karibu gramu 920 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65. Kuta, ngazi, nyuma ya taa na pembe zote husuguliwa kila siku, na chujio la mchanga huoshwa kila mgandamizo unapopanda. Muhimu kuliko yote ni kupima mara kadhaa kwa siku na kurudisha kiwango kila kinaposhuka. Dozi moja kubwa ikiachwa bila kufuatiliwa ndiyo inayozaa usugu.

Kutakata kwa maji hakutoshi kuwa dalili ya mwisho. Klorini hupimwa jua likishazama na tena kabla halijachomoza; ikiwa imepungua kwa zaidi ya miligramu 1 kwa lita bila jua kuigusa, bado kuna kitu hai kinachoila, na kazi iendelee.

Hata wataalamu hunaswa. Agosti 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, bwawa la kupiga mbizi la kituo cha Maria Lenk liligeuka kijani mbele ya dunia nzima. Waandaaji walieleza kwamba lita 80 za peroksaidi ya hidrojeni zilikuwa zimemwagwa humo, nazo zikaiondolea klorini nguvu. Maji ya bwawa la jirani ilibidi yatolewe na kubadilishwa.

Madukani huuzwa pia dawa za kuondoa fosfeti na dawa zenye shaba, pamoja na mrututu. Penye klorini ya kutosha fosfeti haina madhara, na shaba huacha madoa kwenye plasta na kugeuza nywele za rangi hafifu kuwa za kijani.

Mpaka sakafu ya bwawa ionekane wazi, mtu asiingie: mtoto aliyezama katika maji ya ukungu haonekani. Klorini ya unga isichanganywe kamwe na ya vidonge, hata kwa chombo cha kupimia chenye mabaki, kwa kuwa huweza kulipuka; ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Wakati wa kuiyeyusha, unga ndio humwagwa kwenye ndoo ya maji, si maji juu ya unga.