Krismasi kwenye Uwanja wa Mnada

Ukitoka soko la Darajani na kukata kuingia Mkunazini, kelele za makondakta wa daladala hubaki nyuma upesi, na mbele yako unasimama mnara wa Kanisa Kuu la Kristo, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa la Unguja. Wageni wengi huja hapa kuona vyumba vya chini ya ardhi. Huinama, huingia gizani, hupiga picha za minyororo, kisha hutoka wakipepesa macho. Wapo wanahistoria waliotilia shaka kama vyumba hivyo viliwahi kufungiwa watumwa wa soko, kwa kuwa jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari soko likiwa limekwisha kufungwa. Mimi namshauri mwenye nusu saa tu aviache. Aingie kanisani, aende moja kwa moja hadi mbele, kisha atazame sakafu.

Karibu na madhabahu pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Kwa mapokeo ya kanisa, hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia. Mtumwa alifungwa pale akacharazwa viboko mbele ya wanunuzi, na inasimuliwa kwamba aliyestahimili bila kulia alipandishwa bei. Sijui kama pana pembe nyingine ya Mji Mkongwe iliyoonja udhalimu wa kiasi hicho. Na hapo hapo, kila Jumapili, padri anasimama kusoma ibada kwa Kiswahili.

Jiwe la msingi la kanisa hili liliwekwa siku ya Krismasi, mwaka 1873. Siku hiyo ndiyo iliyonileta kuifuata habari hii, maana haielekei kuwa bahati nasibu. Misheni ya Vyuo Vikuu iliyolijenga, ambayo ilichipuka kutokana na hotuba ya David Livingstone pale Cambridge mwaka 1857, ilikuwa na siku nyingi za kuchagua. Ingeweza kungoja Pasaka. Ingeweza pia kuchagua kumbukumbu ya kufungwa kwa soko lenyewe, jambo lililotokea mwezi Juni mwaka huo huo.

Soko halikufungwa kwa mahubiri. Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika Unguja kwa niaba ya serikali ya Uingereza, akamtaka Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Barghash alikataa. Mwaka mmoja nyuma, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeng'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu za Sultani; kumwomba mtu aliyefilisiwa na upepo aachie na mapato ya ushuru wa watumwa haikuwa kazi ndogo. Frere akaondoka mikono mitupu. Aliyemaliza shauri ni konseli John Kirk, aliyekuja na habari kwamba manowari za Kiingereza zingeizingira bandari. Tarehe 5 Juni mkataba ukatiwa sahihi, na soko likafungwa.

Hiyo ilikuwa amani ya mizinga. Sisemi haikufaa kitu: kila mtoto ambaye hakupandishwa jahazini kwa sababu ya mkataba ule alikuwa na haki ya kuushukuru. Lakini tukumbuke mkataba uligusa nini. Ulifunga masoko ya hadhara na njia ya baharini. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria visiwani hadi 1897, miaka 24 baadaye, na hata hapo mabwana ndio waliolipwa fidia. Masuria walingoja hadi 1909. Na magendo ya usiku, kutoka vijito vya mrima hadi Pemba, hayakukoma kwa sababu karatasi ilikuwa na muhuri.

Anayeisoma Injili ya Luka polepole ataona kwamba mwandishi wake aliijua amani ya namna hiyo. Habari ya kuzaliwa kwa Yesu haianzii horini. Inaanza na amri ya Kaisari Augusto ya kuandikisha watu. Augusto alijisifu kwamba katika utawala wake milango ya hekalu la Janus, ambayo Warumi waliifunga pale tu palipokuwa hakuna vita, ilifungwa mara tatu. Mwaka wa 9 kabla ya Kristo, Roma ilimzindulia madhabahu ya Amani yenye marumaru ya kuchongwa. Dola yake nayo iliendeshwa kwa jasho la watumwa. Chini ya amani hiyo Luka anawapeleka malaika kwa wachunga kondoo, usiku, kutangaza amani nyingine kana kwamba ile ya kwanza haipo.

Hiyo ya pili Wakristo wameifafanua kwa maneno mazito. Ni upatanisho. Binadamu amekosana na Muumba wake, na deni hilo hana cha kulilipia, hata akiwa sultani mwenye hazina. Basi mdai mwenyewe anakuja upande wa mdaiwa. Anazaliwa mahali pa wanyama, na kwa mujibu wa Mtume Paulo, safari hiyo inaishia msalabani, ambako amani inafanywa kwa damu yake. Tena msalaba ule, chini ya Warumi, ulikuwa hasa adhabu ya watumwa. Aliyeamua kuweka madhabahu mahali pa mti wa viboko alikuwa ameielewa sehemu hiyo ya Krismasi ambayo kadi na mapambo huiruka.

Kazi ya ujenzi ilimwangukia Edward Steere, mwanasheria aliyegeuka padri, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874. Ndiye yule Steere wa sarufi na hadithi za Kiswahili. Aliezeka kanisa kwa kuba refu la mawe ya matumbawe yaliyopondwa yakachanganywa na saruji, na wapo waliotabiri kwamba lingewaangukia waumini. Halijaanguka. Nguzo fupi za upande wa magharibi, wenyeji wanasimulia, zilisimamishwa miguu juu kichwa chini na mafundi Steere alipokuwa safarini, naye alipozikuta hakuzibomoa. Ibada ya kwanza ndani ya kanisa ilifanyika Krismasi ya 1877, paa likiwa bado halijakamilika. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Sehemu ya uwanja ilinunuliwa na misheni. Kipande kingine kilitolewa bure na Jairam Senji, mfanyabiashara Mhindu. Na saa ya mnarani, kwa masimulizi ya mji, ni zawadi ya Barghash mwenyewe, Mwislamu aliyelazimishwa kulifunga soko lililosimama pale. Nayataja haya kwa sababu hadithi ya Mkunazini mara nyingi husimuliwa kama ugomvi wa dini mbili, Wazungu wakiwa wakombozi na Waarabu wakiwa wakosaji. Mtandao ule wa biashara ulikuwa mrefu kuliko hivyo. Wafadhili Wahindi walikopesha misafara, machifu wa bara waliuza mateka, Wafaransa wa Réunion na Mauritius walinunua kwa ajili ya miwa, na pembe za ndovu zilizobebwa mabegani mwa watu ziliishia kuwa vibonyezo vya piano sebuleni Ulaya na Marekani. Wenye kuhitaji kupatanishwa na Mungu walikuwa wa makanisa, misikiti na mahekalu.

Na misheni pia isipewe utakatifu wa bure. Waliokombolewa majahazini walipelekwa Mbweni, kusini mwa mji, kwenye shamba la misheni. Walipewa viwanja na shule. Walipewa pia kengele, ratiba na mmisionari wa kuwaamulia mengi. Nilipokwenda Mbweni nilikuta magofu ya shule ya wasichana yamemezwa na bustani, na kanisa dogo la Mtakatifu Yohana bado linatumika. Ukisimama pale unajiuliza mtu aliyetoka mikononi mwa bwana mmoja alionja uhuru kwa kiasi gani alipokabidhiwa kwa bwana mpole zaidi. Wengine walilijibu swali hilo kwa miguu: mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu huru kutoka Unguja kuelekea Ziwa Nyasa, na walipofika Masasi wengi wao walikataa kwenda mbele. Nchi ilifanana na kwao, wakajenga.

Aliyewapangia njia ya safari ile alikuwa James Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa kijana mwaka 1861, ambaye pamoja na Abdullah Susi aliubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Mti wa Chitambo ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa ndio uliotoa mbao za msalaba mdogo uliopo ndani ya kanisa la Mkunazini. Waongozaji wa watalii humtaja Livingstone kwa urefu. Jina la Chuma nililazimika kuliulizia.

Majina mengine mawili hayatajwi kabisa. John Swedi alikuwa mmoja wa wavulana watano, waliokamatwa kutoka jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wa misheni mwaka 1864. Mwaka 1879 akawa shemasi. Cecil Majaliwa, Myao vilevile, aliletwa Unguja akauzwa akiwa mtoto. Mwaka 1890 Askofu Charles Smythies alimpa upadri, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuupata, naye akafanya kazi miaka mingi Chitangali, bara ya kusini. Kwa kanuni za Kanisa la Kianglikana, tangu siku hiyo alikuwa na mamlaka ya kusimama madhabahuni na kutamka msamaha wa Mungu juu ya watu wote waliotubu, na konseli wa Kiingereza, kama angekuwapo siku hiyo, angepiga magoti kuusikia kama mtu mwingine yeyote.