Usukani wa Kushoto

Nimeombwa neno la historia, nami nimechagua motokaa, kwa kuwa hakuna nyumba yetu isiyoombwa moja na watu wa kwao.

Mwaka 2011 dada yangu wa Mombasa aliugua figo, akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa juma. Nikaazimia kumpelekea motokaa yangu mwenyewe kwa meli. Nilipoteza miezi mitatu nikikusanya nauli yake na kutayarisha hati ya umiliki, maana forodha ya Marekani huitaka hati hiyo, pamoja na motokaa yenyewe, saa 72 kabla ya kusafirishwa. Ndipo mpwa wangu akapiga simu: "Mjomba, usukani wa huko uko kushoto. Huku haitasajiliwa." Nami ni mwalimu wa miaka 30!

Asili yake ni hii. Waingereza walituachia desturi ya kupita kushoto mwa barabara, na Wajapani nao hupita kushoto. Kwao motokaa mpya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, kwa gharama kubwa. Basi wengi huziuza mapema. Biashara ilipolegezwa nyumbani, Tanzania kuanzia 1984 na Kenya katika miaka ya 1990, motokaa hizo zikamiminika Dar es Salaam na Mombasa. Dubai nayo ikafungua soko lake huko Ras Al Khor mwaka 2000. Za Texas zinafaa Kongo, Rwanda na Burundi, wanakopita kulia.

Anayetaka kununua na azingatie haya. Kenya haipokei motokaa iliyozidi miaka 8. Ni lazima ikaguliwe huko itokako kabla ya kupakiwa. Ushuru uulizwe kwanza, kwani huweza kukaribia bei ya motokaa yenyewe. Na hati ya meli iandikwe jina la atakayeipokea.

Tulichanga, tukanunua Japani. Siku zote hizo dada alikuwa akipanda matatu, akirudi amechoka hata kusema hawezi, kwa sababu mimi nilitaka aendeshwe katika motokaa niliyozoea kuiosha kwa mikono yangu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Kaka, ungaliuliza." Nanyi ulizeni.