Nguzo Mbili na Nyumba ya Kamari ya Venice

Katika uwanja wa Piazzetta mjini Venice, ukingoni mwa maji, zimesimama nguzo mbili ndefu za mawe, na husimuliwa tangu zamani kwamba fundi Nicolò Barattieri, aliyezisimamisha katika karne ya 12, alipoulizwa ataka ujira gani, aliomba idhini ya kuchezesha kamari baina ya nguzo hizo, jambo lililokuwa haramu penginepo pote. Akakubaliwa, kisha wakubwa, walipoona aibu ya ahadi yao wasiweze kuitangua, wakaamuru wahalifu wauawe papo hapo, ili watu wapachukie mahali pale. Kiwe kweli au ngano, kisa hiki chafunua tabia ya dola ya Venice kuliko daftari nyingi za sheria.

Marufuku hayakufaa kitu, kwani kamari ilikimbilia majumba ya watu. Basi mwaka 1638 serikali ikafungua nyumba ya kamari ya halali, iliyoitwa Ridotto, katika jumba la Dandolo karibu na kanisa la San Moisè, ili maovu yasiyozuilika yawe mbele ya macho yake. Mchezaji alivaa barakoa, lakini aliyeshika meza sharti awe kabaila, tena uso wazi. Na wengi wa hao walikuwa mafukara wa mtaa wa San Barnaba, wenye nasaba tukufu na mifuko mitupu. Hapo, kwa fikira zangu, ndipo mlinzi alipogeuka mshirika, maana makabaila hao hao walikuwa na kura katika Baraza Kuu lililotunga sheria, na usiku waligawa karata. Na barakoa, ambayo wageni waliisifu kwa madaha yake, ilifanya dhara kubwa zaidi, kwani mraibu aliyekwisha poteza mali ya wanawe aliketi bila jirani wala shemeji kumtambua na kumshika mkono. Haya, iliyokuwa kizuizi chake cha mwisho, ilivuliwa mlangoni kwa amri ya serikali.

Mwaka 1774 Baraza Kuu, kwa kura nyingi mno, likaifunga Ridotto. Wachezaji wakahamia vyumba vya faragha vilivyoitwa casini, ambamo hamkuwa na jicho la serikali wala kiasi. Dola yenyewe ilianguka mbele ya Napoleon mwaka 1797, kamari ikasalia. Na leo, katika jumba la Ca' Vendramin Calergi, mmiliki wa kasino ni manispaa ya Venice.