Sindano ya Mnyauko

Mtu wa Kasulu akiniambia mgomba wake umenyauka ilhali mvua inanyesha, simuulizi habari za jua. Namuuliza panga lake lilikata wapi jana.

Nazungumzia mnyauko wa migomba, uletwao na bakteria aitwaye Xanthomonas. Wataalamu waliueleza kwanza huko Ethiopia mwaka 1968, katika enseti, mmea wa ukoo mmoja na mgomba. Mwaka 2001 ukazuka Uganda. Kufikia 2006 ulikuwa umeingia Kagera, na baadaye ukaonekana Kigoma, katika migomba ya Kibondo na Kasulu.

Safari hiyo ilirahisishwa na hila. Mgomba si mnyonge. Kila seli yake ina walinzi wanaomtambua mgeni na kupiga mbiu. Bakteria huyu ana kitu mfano wa sindano, chembamba mno, anachokidunga ndani ya seli na kupitisha protini zake. Kazi ya protini hizo ni kuwanyamazisha walinzi. Seli inaendelea na shughuli zake kana kwamba nyumba ni salama, huku wageni wakizaliana na kuijaza mirija ya maji. Wanasayansi waliposoma vinasaba vyake mwaka 2010, walikuta humo maelekezo ya kuunda sindano hiyo.

Basi mwenye shamba ataona nini? Kwa wiki kadhaa haoni kitu. Anang'oa chipukizi zuri, anampelekea shemeji yake kijiji cha pili. Anapunguza majani kwa panga lilelile, shina hadi shina. Nyuki nao wanatoka ua hadi ua. Siku majani yanapogeuka manjano, ndizi zikaiva kabla ya wakati na shina likikatwa likatoa usaha, ugonjwa umekwisha kwenda mbali.

Dawa ya kuuponya haipo. Zamani wakulima waliambiwa wang'oe kichaka kizima, na mimi sishangai kwamba wengi walisita. Kichaka kile ni chakula cha watoto, ni pombe ya harusi. Baadaye ilibainika kuwa bakteria hafiki katika kila shina la kichaka, ukaja ushauri mwepesi zaidi: kata lile linaloumwa tu, tena mapema, livunje ua dume kwa mti wenye panda, na panga ulipitishe motoni kabla ya kugusa shina jingine.